Kwenda Shelisheli bila kuwaachia wenyewe uharibifu: naomba mwongozo wa mizigo, bahari, kobe na malazi

Bi Mishi

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mwezi wa Oktoba tunakwenda Shelisheli: watu wazima wawili, mtoto wa miaka 13 na mwingine wa miaka 8. Tunaondokea Mombasa kupitia Nairobi. Tutalala siku nane: tatu Mahé, tatu Praslin, mbili La Digue. Chumba cha Mahé kimeshalipiwa, Praslin na La Digue bado.

Sihitaji kuambiwa fukwe zipi zinatoa picha nzuri. Ninachotaka kujua ni namna ya kwenda na kurudi bila kuwaharibia wenyewe. Tubebe nini na tuache nini? Watoto wana hamu ya kobe wakubwa na ng'amba, yule kasa wa baharini, je, kuna njia ya kuwaona bila kuwasumbua? Mafuta ya jua yepi hayaui matumbawe? Tukalale wapi ili pesa ibaki kwa wenyeji? Na ile nazi yao kubwa, kuinunua ni halali au ni kuchangia wizi?

Anayejua kwa undani aandike kwa undani, nitasoma yote.

Kusi_na_Kaskazi

Waaleikum salaam Bi Mishi. Mimi nitashika upande wa kuingia na mizigo, wa bahari wapo wajuzi humu.

Kwanza elewa kwa nini maafisa wa kule ni wakali uwanja wa ndege. Kitu kikishaingia kisiwani, kukitoa ni kazi ya miaka. Panya waliingia kisiwa cha Frégate mwaka 1995. Walikuja kumalizwa mwaka 2000, kwa sumu iliyomwagwa na helikopta, na ndege wa asili ilibidi wakamatwe na kufugwa kwa muda wasije wakaila ile sumu. Kisiwa cha Curieuse, jirani na Praslin, kilijaribiwa mwaka huohuo, na panya wapo hadi leo. Kwa hiyo afisa anapokuuliza kuhusu embe moja mkobani, hana nia ya kukusumbua.

Msichukue matunda, mboga mbichi, mbegu, miche, maua, udongo wala nyama. Watu wa Pwani tuna mazoea ya kumbebea mwenyeji chochote, safari hii acheni. Halua na viungo vilivyosagwa, kama havina budi, viwe kwenye pakiti ya kiwandani iliyofungwa, na mvitaje kwenye fomu. Ukikitaja, afisa ataamua. Ukificha, umevunja sheria.

Viatu ndiyo sehemu inayosahaulika. Siku mbili kabla ya safari viosheni kwa maji na sabuni, mpitishe mswaki wa zamani kwenye mifereji ya soli na chini ya kamba, kisha mvianike vikauke kabisa. Geuzeni soksi ndani nje mtoe vishika-nguo, zile mbegu zinazonasa. Kung'uteni mifuko ya suruali na pembe za mabegi, hasa begi la mtoto la shule, huwa na mchanga na mbegu za ajabu.

Karatasi: viza haihitajiki, ila kila msafiri, hata mtoto, huomba kibali cha kuingia kwa mtandao kabla ya kupanda ndege. Wataangalia pasipoti, tiketi ya kurudi na mahali mtakapolala, kwa hiyo malizeni malazi ya Praslin na La Digue mapema. Ombeni kwenye tovuti ya serikali yenyewe. Kuna tovuti za madalali zinazofanana nayo, hutoza juu ya ada halali. Cheti cha homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya. Chanjo huhesabiwa kuwa inafanya kazi baada ya siku 10. Kama mna kijitabu cha njano cha zamani msidungwe tena, tangu 2016 cheti ni cha maisha.

Kisha hili la malaria. Shelisheli haina malaria ya kienyeji, ila nyinyi mnatoka Pwani. Mtoto akipata homa mkiwa kule, mwambieni daktari mapema kwamba mnaishi sehemu yenye malaria, kwa sababu kule siyo kitu cha kwanza atakachokifikiria. Denge wanayo, kwa hiyo dawa ya kupaka ya mbu mchukue.

Mifuko ya plastiki, visanduku vya povu, sahani, vikombe na vijiko vya plastiki vilipigwa marufuku 2017, mirija ikafuata 2019. Kwa Mkenya siyo kitu kigeni. Bebeni chupa ya maji ya lita moja kwa kila mtu, na vyombo viwili vya chakula vyenye mfuniko, maana mtanunua sana chakula cha kubeba. Mkirudi, rudini na betri zilizokufa, chupa tupu za losheni, miwani ya kuogelea iliyovunjika. Ardhi ya kutupia taka ni haba, na sehemu kubwa ya Mahé ni mlima.

Plagi ni zile zetu za pini tatu za mraba.

Mpigambizi

Oktoba mmechagua vizuri. Kule pepo ni zilezile zetu: kusi huvuma kuanzia Mei hadi Septemba, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, katikati ni maleleji. Oktoba kusi inakata roho, bahari inatulia na maji yanaanza kuwa maangavu. Lakini mwanzoni mwa mwezi inaweza kuwa bado ina nguvu, basi ufukwe uchagueni kwa kuangalia upepo, siyo jina.

Kusi ikivuma, upande wa kaskazini-magharibi ndio mtulivu: Beau Vallon kwa Mahé, Anse Lazio kwa Praslin. Kaskazi ikija, mambo hugeuka. Kwa La Digue, Grand Anse na Petite Anse ni nzuri mno kwa macho, na wakati wa kusi ni hatari hasa. Wimbi hupiga mchangani na maji hurudi nje kwa mkondo unaomzidi nguvu mtu mzima. Watoto wakae mchangani. Mkondo ukimchukua mtu, asipambane nao kurudi moja kwa moja. Aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke kwenye mkondo, ndipo arudi.

Sasa matumbawe. Mwaka 1998 maji yalipata joto, matumbawe yakapauka, na kuzunguka visiwa vya ndani, yaani hivyo mnavyokwenda, takriban asilimia 90 ya matumbawe hai yalikufa. Yalipoanza kujirudi, joto la 2016 likayapiga tena. Kwa hiyo tumbawe lolote hai mtakaloliona chini ya miguu limeponea mara mbili, au limekua baada ya hapo. Yale ya matawi huongezeka sentimita kadhaa kwa mwaka. Yale ya mviringo kama jiwe, kama sentimita moja tu. Pigo moja la kisigino linafuta ukuaji wa miaka.

Wageni wengi hawavunji matumbawe kwa ubaya. Huanza na maji kuingia kwenye miwani. Mtoto anashtuka, anataka kupumua, anasimama, na alipokanyaga ni juu ya tumbawe. Dawa ni kumfundisha kabla hajafika kwenye mwamba. Siku ya kwanza pale Beau Vallon, penye mchanga mtupu na maji ya kiunoni, afanye hivi mara kumi: alale kifudifudi, aachie maji yaingie kidogo, ageuke chali huku akielea, avue miwani, amwage maji, aivae tena, bila kugusa chini. Akiweza, ndipo mwende kwenye matumbawe. Wa miaka 8 avae jaketi la kuokolea hata kama anajua kuogelea. Linamwelesha, na akiwa juu hana sababu ya kusimama. Mapezi ya mpira msimvalishe mtoto anayejifunza. Ni marefu kuliko anavyodhani, hupiga kila kitu nyuma yake.

Angalieni pia jedwali la maji. Anse Source d'Argent, ufukwe wa La Digue, ni kina kifupi, mwamba wa nje umeukinga. Maji yakipwa, hasa bamvua, tumbo la mwogeleaji linakwaruza. Ingieni saa mbili kabla ya maji kujaa, mtoke saa mbili baada ya kujaa. Na ile desturi yetu ya kutembea juu ya mwamba bahari ikipwa, kuokota na kuchokonoa, kule msiifanye.

Mafuta ya jua: soma orodha nyuma ya chupa. Ukiona oksibenzoni au oktinoksati, acha. Tafuta yenye zinki oksaidi. Ila jibu kubwa ni nguo. Fulana ya kuogelea ya mikono mirefu inafunika kifua, mgongo na mabega, sehemu zinazokula mafuta mengi, mkabaki kupaka uso, shingo, masikio na nyuma ya miguu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha uso na shingo. Pakeni mapema kabla ya kuingia majini, siyo mkiwa mmeshalowa, maana yote yataishia baharini.

Kabla ya kulipia boti muulize nahodha mambo mawili: "Mnafunga kwenye boya au mnatia nanga?" na "Mnawapa samaki mkate?" Nanga ikiburuta hufagia matumbawe kama jembe. Na mkate, watu huona ni huruma. Pono na kangaja kazi yao ni kula mwani unaoota juu ya matumbawe. Wakizoea mkate huusubiri chini ya boti, mwani unatambaa. Akijibu ndiyo kwa la pili, tafuteni mwingine, na mwambieni sababu kwa adabu. Manahodha hubadilika wateja wakiuliza.

Bunduki za mishale za kuvulia ni marufuku. Kombe, vipande vya matumbawe na mchanga havitoki, hata kilichokufa. Kombe tupu ni nyumba ya kaa fulani kesho.

Mlinzi_wa_Viota

Nimesubiri swali hili la kobe na ng'amba.

Kobe wa Aldabra mtawakuta Curieuse wakitembea huru, na La Digue kwenye eneo la L'Union Estate wakiwa ndani ya uzio. Dume huweza kupita kilo 250. Mtoto asimpande kamwe. Gamba ni mfupa hai, una mishipa ya fahamu, kobe anahisi. Akitaka kumgusa, amsogelee kwa mbele aonekane, achuchumae, amkune taratibu chini ya shingo. Kobe akipenda, mtaona mwenyewe: hunyoosha shingo yote juu, huinuka kwa miguu minne mpaka tumbo linaachana na ardhi, na husimama hivyo kimya kama amelala. Akivuta kichwa ndani na kutoa pumzi kwa sauti, mwacheni. Msimpe ndizi, mkate wala biskuti. Tumbo lake ni la majani na nyasi, sukari huchacha humo. Vidole viwe mbali na mdomo, hana meno ila una makali. Mkishamaliza osheni mikono kwa sabuni, hubeba vimelea vya kuharisha.

Ng'amba sasa. Shelisheli ina jambo adimu: ng'amba wake hutaga mchana. Kwingi duniani hutaga usiku. Msimu huanza Oktoba, hushamiri Novemba na Desemba. Huenda mkabahatika, hata kwenye ufukwe wa kawaida.

Mkimwona anatoka majini, kaeni chini hapohapo mlipo. Msikimbie, msijipange mbele yake. Atapanda mpaka kwenye majani, atafagia mchanga kwa mapezi ya mbele, kisha atachimba shimo kwa mapezi ya nyuma, moja kushoto moja kulia, kwa zamu, akikunja ncha kama kiganja kinachoteka unga. Huu ndio wakati wa hatari. Akishtushwa kabla hajaanza kutaga, anageuka na kurudi baharini na mayai yake. Kaeni mita kumi au zaidi, nyuma yake, chini, bila sauti. Akianza kutaga hutulia, na hutaga zaidi ya mia kwa mara moja. Hata hapo msimguse, msipige picha kwa taa, msisimame kati yake na bahari anaporudi. Kazi yote huchukua saa moja na zaidi.

Akishaondoka, msifute nyayo zake. Walinzi wa fukwe huhesabu viota kwa zile alama. Familia inayocheza juu ya alama hizo inafuta kumbukumbu. Piga picha, kumbuka saa na mahali, mwambie mwenye nyumba mnapolala, naye anajua wa kumpigia. Na kila jioni watoto wafukie mashimo waliyochimba na kubomoa ngome za mchanga. Kitoto cha ng'amba hakizidi urefu wa kidole, kikitumbukia shimoni hakitoki. Ng'amba na kasa wote wanalindwa kisheria tangu 1994, gamba lake mkiliona dukani kama kishaufu msilinunue hata mkiambiwa ni la zamani.

Kama mna pesa ya safari moja tu ya boti, mfikirie kisiwa cha Cousin, karibu na Praslin.

Bi Mishi

Allah awajazi kheri, nimeanza kuandika kwenye daftari. Mlinzi, Cousin na Curieuse vipi? Wa miaka 8 ataweza zote mbili kwa siku moja? Na nani anajua ya malazi na chakula? Sisi tunakula halali.

Mlinzi_wa_Viota

Anaweza, boti nyingi za Praslin huunganisha: asubuhi Cousin, kisha Curieuse na chakula cha mchana. Lakini Cousin hupokea wageni Jumatatu hadi Ijumaa asubuhi tu, kwa hiyo pangeni siku za Praslin zisiangukie wikendi zote.

Boti yenu haitagusa ufukwe wa Cousin. Itasimama nje, na boti ya kisiwa chenyewe, inayokaa hukohuko na haileti panya, itakuja kuwachukua. Hii ndiyo sababu kisiwa bado hakina panya. Hutua kwa kuingia mchangani kwa kasi, mnaruka, mnalowa mpaka magotini. Simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Fungueni mabegi mkiwa bado botini, mtazame hakuna mdudu wala makombo.

Mwaka 1968 kisiwa kile kilinunuliwa kwa ajili ya ndege mmoja mdogo wa rangi ya kahawia yenye ukijani, kwa Krioli, lugha ya huko, huitwa timerl-dezil. Walikuwa wamebaki chini ya 30 duniani, wote hapo. Minazi iliyopandwa kibiashara ikang'olewa, msitu wa asili ukaachwa urudi, na leo ndege hao ni maelfu, wamehamishiwa hata visiwa vingine. Mwambieni mtoto atazame matawi kabla hajashika mti. Golan blan, ndege mweupe kabisa, hajengi kiota. Hutaga yai moja juu ya tawi tupu, penye kibonyeo kidogo tu. Ukilitikisa tawi, yai limekwenda.

Fundi_Baiskeli

Ya malazi na pesa.

Tangu Agosti 2023 kuna tozo ya mazingira kwa kila mgeni kwa kila usiku. Ilianza kwa rupia 25 kwa nyumba ndogo isiyozidi vyumba 24, rupia 75 kwa hoteli ya kati, rupia 100 kwa kubwa. Watoto chini ya miaka 12 hawalipi. Kwa hiyo nyinyi ni watatu, siku nane, mkilala nyumba ndogo: 3 mara 8 mara 25, rupia 600. Hulipwa hapo mnapolala, hata kama chumba mmelipia mtandaoni. Msigombane na mwenye nyumba, si pesa yake. Ombeni risiti.

Nyumba ndogo za wenyeji, hasa zenye jiko, ndizo zinazoacha pesa kisiwani. Hoteli kubwa nyingi ni za makampuni ya nje, na chakula kingi cha hotelini huja kwa meli na ndege. Kabla ya kulipia ulizeni: mwenye nyumba anaishi kisiwani? Maji moto ni ya jua au ya umeme? Umeme wa kule kwa sehemu kubwa ni wa mafuta yaliyoagizwa, na kusi ndiyo kiangazi chao, Oktoba mabwawa huwa bado hayajajaa. Zimeni kiyoyozi mkitoka, msifuliwe taulo kila siku.

Jiko linatatua na suala la halali. Mahé kuna soko la Sir Selwyn Selwyn-Clarke hapo Victoria, fikeni asubuhi. Samaki mtawatambua: kordonnyen ni tasi, karang ni kolekole, bonit ni jamaa ya jodari, zourit ni pweza. Bourzwa, yule mwekundu, kila mgeni anamtaka na ndiye anayevuliwa kupita kiasi. Kuleni karang na bonit, ni watamu na hukua haraka. Kamba-koche huvuliwa kwa msimu mfupi tu, na miaka mingine msimu haufunguliwi kabisa, wa Oktoba huenda si halali kwa maana ya pili. Tasi wengi huvuliwa kwa kazye, na mkiiona mtajua ni dema letu la mianzi. Nguruwe ni wa kawaida mezani, ulizeni kabla. Victoria pana msikiti. Na shelisheli la kuchoma au kukaanga, hilo tunda tulilolipa jina la nchi yao, wao huliita friyapen. Husema aliyelila atarudi.

Mahé na Praslin pandeni basi. Ukiingia sema "bonzour" kwa dereva na waliokaa, kukaa kimya huonekana kiburi. "Mersi" ukishuka. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Fukwe zote ni za umma kisheria, hata ile iliyo mbele ya hoteli, kwa hiyo mtu asiwafukuze, nanyi msiwafukuze wenyeji wanaopumzika hapo Jumapili.

La Digue ni baiskeli. Kabla ya kuondoka nayo, bana breki zote mbili ukiisukuma: gurudumu lisizunguke kabisa. Njia ya Grand Anse ina mteremko, na baiskeli za kukodi hukaa chumvini, waya huota kutu ndani ya mpira usionekane. Tikisa tandiko, angalia taa, jioni njia ni giza. Upande wa kushoto kama kwetu. Kuiegesha, tafuteni penye baiskeli nyingine, msiisukume ndani ya mimea ya ufukweni. Ile mitambaazi ndiyo inayoshika mchanga usiliwe na maji.

Nyongeza moja kwa watu wa kwetu. Juu ya Victoria, barabara ya Sans Souci, pana magofu ya Venn's Town, shule iliyoanzishwa 1876 kwa watoto waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, na wengi walikuwa wa huku Afrika Mashariki. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walihamishiwa Shelisheli 1899, Mwanga akafia huko 1903. Khalid bin Barghash, aliyekuwa sultani wa Unguja kwa siku chache, naye alifungwa huko kabla ya kuletwa Mombasa, akafa 1927. Wapelekeni watoto, watembee kimya, wasipande kuta.

Koko_Halali

La nazi kubwa, koko-de-mer. Kununua ni halali ikiwa ina karatasi. Kila nazi halali ina kibandiko chenye namba na cheti cha kuitoa nchini. Kabla ya kulipa soma namba kwenye nazi na namba kwenye cheti, ziwe moja. Pia tikisa: ya kuuzia wageni huwa imetolewa kiini na ni tupu ndani. Muuzaji akisema karatasi zitakuja kesho, au bei ni nusu ya dukani, ni ya wizi. Uwanja wa ndege wataitwaa na mtakuwa na kesi.

Mlinzi_wa_Viota

Koko, kisheria uko sawa, lakini mimi ningemwambia Bi Mishi asinunue. Tunda lile hukaa mtini miaka sita au saba ndipo likomae. Mbegu yake ni kubwa kuliko ya mmea wowote duniani, na mnazi huo huota wenyewe Praslin na Curieuse tu. Kila inayouzwa ni mti mmoja usioota. Na huo mti ni polepole, huchukua miaka zaidi ya 20 kabla ya kuzaa.

Koko_Halali

Nakubali ni polepole, ila nazi zenye namba huhesabiwa, baadhi hupandwa, na mauzo ndiyo yanayomfanya mwenye shamba la Praslin aone mnazi wake una thamani akiwa ameuacha umesimama. Ukiondoa soko halali, unabaki na wezi wanaochukua kiini usiku. Tatizo ni anayenunua bila kusoma namba. Basi tukubaliane hapa: asiye na hakika ya cheti, asinunue, akaione kwenye msitu wa Vallée de Mai, Praslin.

Mlinzi_wa_Viota

Hapo tumekutana. Vallée de Mai ni hekta 19.5 tu, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1983. Ingieni lango likifunguliwa, kabla ya makundi, mtasikia kato nwar, kasuku mweusi wa Praslin asiyepatikana kwingine. Msitoke njiani hata hatua moja. Miche ya koko-de-mer iko pembeni kabisa ya njia, na sisimizi wa njano walioletwa na binadamu wameshaingia humo, husafiri kwenye udongo wa viatu. Siku ya upepo mkali msisimame chini ya mti wenye matunda, moja linaweza kufika kilo 20. Fond Ferdinand, upande wa pili wa Praslin, ina minazi hiyohiyo, unatembezwa na kiongozi, watu wachache. Kwa watoto naona ndiyo bora, kwa sababu kiongozi atawapa ganda walinyanyue wenyewe.

Bi Mishi

Tumekubaliana nyumbani, nazi hatununui. Swali la mwisho: mdogo ana ndala mpya za ufukweni. Nazo zioshwe?

Kusi_na_Kaskazi

Zioshwe, hasa mashimo ya kamba kwa chini, hushika mbegu. Na ziandikwe jina kwa wino usiofutika, zifungwe pamoja kila mtokapo botini, zisipeperuke. Mwaka 2019 watu walikwenda Aldabra, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka Mahé, kusafisha fukwe. Wakatoa tani 25 za taka: nyavu na kamba za uvuvi kwa wingi, na kandambili kwa maelfu, zilizoletwa na mikondo kutoka nchi nyingine. Kama anavyo viatu vya mpira vya kufunga mguu, hivyo ni bora, havitoki wimbi likipiga.